Dakika tatu na nusu za kuzima kompyuta ya dukani

Dada yangu ana duka la stesheneri Ngamiani, Tanga. Ndani yake mna mashine ya fotokopi, printa moja, kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, na UPS ambayo betri yake imechoka kiasi kwamba umeme ukikatika huihimili kompyuta kwa dakika mbili na kitu tu, kisha hulia mlio mmoja mrefu na kunyamaza. Kwa muda mrefu dakika mbili hizo zilitosha, kwa sababu kompyuta hiyo, niliyoiwekea Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, siku nilipomkabidhi, ilikuwa ikizimika kwa sekunde zisizozidi 15. Umeme ukikatika, kijana wa dukani alikuwa akihifadhi kazi ya mteja, anabofya sehemu ya kuzima, na kioo kinakuwa cheusi kabla hata majirani hawajamaliza kulalamika.

Mambo yalibadilika wiki niliyoihamisha kompyuta hiyo kutoka Debian 11 kwenda Debian 12. Kazi yenyewe ya kusasisha ilikwenda vizuri. Kompyuta iliwaka, printa ilichapa, na LibreOffice ilifungua barua zote za zamani, nami nikaondoka nikiwa nimeridhika. Siku ya tatu kijana akanipigia simu: "Kaka, kompyuta imegoma kuzima." Haikuwa imegoma, ila ilikuwa ikichukua karibu dakika mbili, na jioni nyingine zaidi ya tatu. Jioni ya Alhamisi umeme ulikatika, UPS ikaishiwa nguvu kompyuta ikiwa bado katikati ya kuzimika, na asubuhi yake ikawaka kwa kutangaza kwamba inarejesha jarida la mfumo wa mafaili, yaani daftari ambamo diski huandika mabadiliko yake kabla ya kuyakamilisha. Hakuna kilichopotea, kwani mfumo wa mafaili wa ext4 uliundwa kwa kuzingatia ajali za namna hiyo, lakini sikutaka kuendelea kuujaribu uvumilivu wake kila wiki.

Watu watatu walinishauri jambo lile lile: bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie sekunde kadhaa, itazimika. Ni kweli itazimika, lakini kufanya hivyo ni sawasawa na umeme kukatika, na tofauti pekee ni kwamba safari hii aliyeukata ni wewe.

Kwa hiyo nilikwenda dukani wakati wa kufunga, nikavuta kiti, nikaomba nizime mwenyewe. Kompyuta inapozimika, Debian huonyesha picha tulivu yenye nembo, na picha hiyo huficha kila kinachoendelea nyuma yake. Nikabonyeza kitufe cha Esc. Picha ikaondoka, na chini ya kioo ukatokea mstari mmoja wenye vinyota vyekundu vinavyokwenda na kurudi, ukisema: "A stop job is running for Make remote CUPS printers available locally", na kando yake saa ikihesabu: sekunde 38 kati ya dakika 1 na sekunde 30. Maana yake ni kwamba kuna huduma iliyoamriwa isimame, haijasimama, na mfumo unaisubiri hadi muda iliopewa uishe. CUPS ni programu ya uchapaji ya Linux, na huduma iliyotajwa ni ile inayotafuta printa zilizo kwenye mtandao na kuziorodhesha kama kwamba zimeunganishwa hapo hapo mezani.

Inafaa nieleze kidogo jinsi kompyuta ya Linux inavyozimika, maana bila hilo mstari ule hausomeki. Debian, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, hutumia systemd kuwasha na kuzima huduma zake. Unapoamuru kompyuta izimike, systemd huipelekea kila huduma ishara ya kuiomba ifunge kazi zake na kuondoka, ishara inayoitwa SIGTERM. Programu yenye adabu huandika diskini kilichobaki, hufunga mafaili yake na kutoka, na kwa kawaida hayo yote huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Programu isipotoka, systemd huingoja kwa muda uliowekwa, ambao kwa huduma isiyo na maelekezo yake maalumu ni sekunde 90, kisha huipelekea SIGKILL, ishara ambayo programu haiwezi kuikataa wala kuisikia, kwa kuwa ni kiini cha mfumo (kernel) chenyewe kinachoiondoa. Kwa hiyo kompyuta inayozimika kwa sekunde 95 au 100 mara nyingi si kompyuta nzito hata kidogo. Ni kompyuta iliyomaliza kazi yake yote ndani ya sekunde tano au kumi na kukaa ikimngoja mmoja aliyechelewa. Ndiyo maana kuiongezea kumbukumbu ya RAM, kufuta mafaili ya muda, au kuihamishia kwenye diski ya SSD, mambo ambayo fundi mmoja alikwishamwambia dada atayafanya kwa bei ya kirafiki, kusingepunguza hata sekunde moja.

Baada ya kuiwasha tena niliuliza kumbukumbu za mfumo zilisema nini kuhusu uzimaji uliopita. Amri yake ni fupi:

journalctl -b -1 -e

Hapo -b -1 ni kipindi cha kuwaka kilichotangulia hiki cha sasa, na -e hukupeleka moja kwa moja mwishoni, mahali ambapo uzimaji umeandikwa. Nilikuta mstari unaosema kwamba cups-browsed.service, ndilo jina la huduma ile ya printa, imepitisha muda katika hali ya stop-sigterm na kwamba sasa inauawa. Muda ulioandikwa kwenye mstari huo ulipishana na wa mstari uliotangulia kwa sekunde 90 kamili. Pengo la namna hiyo ndilo la kutafuta. Mistari ya uzimaji huja makumi kwa sekunde moja, kwa hiyo mahali saa inaporuka dakika moja na nusu panaonekana hata kwa mtu asiyeelewa neno jingine lolote lililoandikwa pale. Tahadhari moja tu: anayeandika kumbukumbu hizo naye hufika zamu yake ya kuzimwa, hivyo yanayotokea mwisho kabisa hayaandikwi popote, na kwa hayo itabidi utazame kioo kwa macho yako.

Sasa nilimjua anayesubiriwa. Kilichobaki kilikuwa kujua kwa nini alianza kuchelewa baada ya masasisho, ilhali huduma ile ile ilikuwamo pia kwenye Debian 11. Jibu alikuwa nalo dada bila kujua. Alipoona nimeikodolea macho orodha ya printa akasema, "Hizo mbili za chini nilidhani umeniongezea wewe, mdogo wangu." Sikuongeza printa yoyote. Duka linashiriki intaneti na ofisi ya ghorofa ya juu kupitia ruta moja, na printa zile mbili zilikuwa za ofisi hiyo. Kompyuta ya dada ilikuwa imezigundua yenyewe na kujiandikisha kuzihudumia, na jioni, ofisi ikiwa imekwishafunga na printa zake zimezimwa, huduma ile ilibaki ikihangaika na mashine zisizokuwapo.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokifanya. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimeandika mstari mmoja katika faili la /etc/cups/cups-browsed.conf, unaoiambia huduma hiyo isitafute printa za mtandaoni kabisa: BrowseRemoteProtocols none. Wakati wa kuhama toleo, Debian ilipofika kwenye faili hilo iliona kwamba limebadilishwa na mkono wa mtu, ikasimama na kuniuliza: je, niweke faili jipya lililokuja na programu, au nibakize hili lako? Ukibonyeza Enter tu, linabaki lako, kwani hilo ndilo chaguo la msingi. Mimi, saa mbili usiku, nikiwa nimekwishajibu maswali manne au matano ya aina hiyo na mbu wakiwa wamenizidi, nilibonyeza Y. Faili langu halikufutwa. Lilikuwapo pale pale, limepewa jina jipya lenye mkia wa .dpkg-old, likinisubiri nilikumbuke.

Kwa yeyote ambaye kompyuta yake ya Debian au ya jamii yake imebadilika tabia baada ya masasisho, ningeshauri aanzie hapo kabla ya kwingine kokote. Amri hii:

sudo find /etc -name "*.dpkg-*"

itamwonyesha mafaili ambayo mipangilio yake iligongana na iliyokuja. Yenye mkia wa .dpkg-old ni ya kwako yaliyowekwa kando, na yenye mkia wa .dpkg-dist ni mapya uliyoyakataa. Mafaili hayo ukiyalinganisha mawili mawili kwa amri ya diff, utaona kilichopotea ni mstari gani. Na kama hujui ni kitu gani hasa kilisasishwa, faili la /var/log/apt/history.log lina orodha nzima pamoja na tarehe na saa, kwa hiyo huna haja ya kubuni.

Ningeweza kurudisha mstari wangu na kuishia hapo. Lakini printa ya dada imeunganishwa kwa waya wa USB na hakuna nyingine anayoihitaji, kwa hiyo nilisimamisha huduma hiyo moja kwa moja:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Kulikuwa na sababu ya pili ya kufanya hivyo. Mnamo Septemba 2024 mtafiti wa usalama wa Kiitaliano, Simone Margaritelli, alitangaza udhaifu kadhaa katika programu za uchapaji za Linux, na mmojawapo ulikuwa ndani ya cups-browsed yenyewe. Programu hiyo ilikuwa ikisikiliza kwenye mlango wa 631 wa UDP na kupokea habari kutoka kwa yeyote anayedai kuwa ni printa. Udhaifu huo ukiunganishwa na wenziwe, mtu wa mbali angeweza kuendesha amri zake kwenye kompyuta yako siku utakapochapa kupitia printa hiyo ya uongo. Marekebisho yalitolewa, na pamoja nayo ushauri kwamba asiyeihitaji huduma hiyo aizime. Duka linaloshiriki ruta na watu ambao hata majina yao hatuyajui halina sababu ya kuiacha wazi.

Jioni ile kompyuta ilizimika kwa sekunde 11. Nikala chapati ya dada nikijiona fundi.

Jioni iliyofuata kijana akapiga simu tena. Dakika tatu na nusu.

Safari hii sikwenda mbio. Nilimwomba aandike kwenye daftari la mauzo, chini ya hesabu za siku, muda ambao kompyuta ilichukua kuzimika, na kitu chochote kilichokuwa tofauti siku hiyo. Baada ya siku nane daftari lilikuwa limeeleza lenyewe: jioni tano sekunde 10 hadi 13, jioni tatu zaidi ya dakika tatu, na katika zile tatu dada alikuwa ameondoka mapema. Dada akiondoka hubeba kompyuta mpakato yake. Kompyuta ya mezani ina folda iliyounganishwa na folda ya kompyuta mpakato hiyo kupitia mtandao wa dukani, ili kazi za wateja anazozipokea yeye zionekane mezani kwa kijana. Akiiondoa, folda inabaki imening'inia upande mmoja. Wakati wa kuzima, mfumo hujaribu kuiachia kwa heshima, hutuma ujumbe wa kuagana kwa mashine ambayo kwa wakati huo iko ndani ya mkoba kwenye daladala, na hungoja jibu.

Folda za mtandao zina ubaya wake wa pekee. Programu inayosubiri jibu kutoka kwenye folda ya namna hiyo huweza kuingia katika usingizi ambao hata SIGKILL haiuamshi mpaka kiini cha mfumo chenyewe kikate tamaa. Tena kila hatua ya kuizima hupewa muda wake upya, ndiyo maana subira yake haikuishia sekunde 90 kama ile ya printa. Na tatizo hili halikutokana na masasisho. Lilikuwapo tangu nilipoiunganisha folda hiyo, ila zamani dada alikuwa akibaki mpaka kufunga, na zile siku chache alizotangulia hakuna aliyehesabu. Masasisho yalitufanya tuanze kutazama saa, na tulipoanza kutazama saa tukayabebesha na deni lisilo lao.

Dawa yake ilikuwa katika mstari wa folda hiyo ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa. Niliongeza noauto, x-systemd.automount na x-systemd.idle-timeout=2min. Kwa mpangilio huo folda haiunganishwi kompyuta inapowaka. Huunganishwa pale mtu anapoifungua, na ikikaa dakika mbili bila kuguswa huachiwa yenyewe. Dada akifunga kompyuta mpakato yake na kuaga, mara nyingi folda imekwishaachiwa zamani, na hakuna wa kusubiriwa. Kijana ameagizwa pia asiiache imefunguliwa kwenye dirisha la mafaili, kwani dirisha lililoachwa wazi ni sawa na mkono ulioshika mlango.

Katikati ya hayo yote nilikuwa nikikutana na ushauri mmoja ambao ni mfupi na unavutia: fungua /etc/systemd/system.conf, weka DefaultTimeoutStopSec=5s, yaani subira iwe sekunde tano badala ya 90, na yamekwisha. Sitasema kwamba ni ushauri wa kipuuzi. Fedora, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, kwa mfano, tangu toleo la 38 la mwaka 2023 imeshusha kiwango hicho hadi sekunde 45, na wanaoitunza wanaijua kazi yao. Kwa printa za ofisi ya juu ungefanya kazi kabisa. Kwangu mimi, kuanza na hatua hiyo kungeniacha bila kujua kwamba kompyuta ya dada inajiandikisha kwa printa za watu. Isitoshe, kiwango hicho cha jumla hakizigusi huduma zilizojiwekea muda wake zenyewe, nazo ndizo zenye sababu nzito zaidi ya kusubiriwa. MariaDB, programu ya hifadhidata ambayo watu wengi huitumia kuhifadhi hesabu, imejipa sekunde 900, yaani dakika 15, kwa sababu kuikata katikati ya kuandika si jambo dogo. Zinazoguswa ni zile zisizo na maelekezo, na huko utaziua zenye makosa pamoja na zisizo na makosa.

Kuna kusubiri kwingine ambako hakuonyeshi jina la huduma yoyote, nako hutokea sana kwenye maduka ya stesheneri. Mteja anakuja na flashi, anaomba anakiliwe mafaili makubwa, upau wa kunakili unafika mwisho upesi, na kila mtu anaamini kazi imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ya data bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikingoja kuandikwa. Linux huweza kuruhusu data ya namna hiyo ifike kiasi cha sehemu ya tano ya kumbukumbu iliyo huru, na kwa kompyuta yenye GB 8 hiyo inaweza kukaribia GB 1.5. Flashi ya bei nafuu inayoandika MB 5 kwa sekunde itahitaji dakika tano kuimaliza, na ukizima kompyuta wakati huo utakaa dakika tano. Amri ya grep Dirty /proc/meminfo huonyesha kiasi kilichobaki. Njia rahisi zaidi ni kuiondoa flashi kwa kubofya kitufe cha kuitoa na kungoja kompyuta iseme tayari, jambo ambalo tunalifahamu sote na hatulifanyi.

Wanaotumia Windows wameniuliza kama haya yanawahusu. Majina ni tofauti lakini swali ni lile lile, yaani nani anasubiriwa. Katika programu ya Event Viewer kuna kumbukumbu za Diagnostics-Performance, na matukio yanayoanzia namba 200 ndiyo ya uzimaji, yakitaja hata programu iliyochelewesha. Jueni pia kwamba tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida, kama Fast Startup imewashwa, si kuzima kamili, kwani kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski. Anayetaka kupima uzimaji wa kweli ashikilie Shift anapobofya sehemu ya kuzima.

Jumapili moja nilikwenda dukani kukiwa hakuna mteja, nikachomoa UPS ukutani kwa makusudi. Ikaanza kulia. Kijana akazima kompyuta kama ambavyo angefanya siku ya kazi, kioo kikawa cheusi katika sekunde ya 12, na UPS ikaendelea kulia peke yake kwa zaidi ya dakika tatu kwa kuwa sasa haikuwa na mzigo. Dada akasema tuichomeke upesi kabla haijawaudhi waumini wanaotoka msikitini.

Wiki mbili baadaye simu iliita wakati wa kufunga. "Kaka, leo imerudi, tena imezidi. Inasema dakika thelathini." Nikamwambia abonyeze Esc na anisomee. Alisoma polepole, herufi kwa herufi mahali pengine: "Unattended Upgrades Shutdown". Hiyo ni huduma inayohakikisha kompyuta haizimiki wakati masasisho ya usalama yanaendelea kuwekwa, na imejipa dakika 30 kwa sababu hiyo. Nikamuuliza umeme ukoje. Akasema upo. Nikamwambia aiache, ashushe milango ya mbele, afagie, na asiguse kitufe. Ilichukua dakika nne, na alipomaliza kufagia ilikuwa imekwishazimika.